Gari Lililobaki Hai

Kama si chembe chache za mchanga, Torgunn Aspehaug angekuwa ameshafunga mkoba wake asubuhi ile ya Alhamisi na kurudi zake Trondheim kabla barabara haijaganda.

Ripoti ilikuwa imeshajiandika yenyewe kichwani mwake. Magari kumi na moja ya umeme, yote ya wakazi wa nyumba za ushirika za Skarvelia, Kristiansund, mji wa pwani ya Norwei, yalikuwa yamekufa katika msimu mmoja wa baridi, moja baada ya jingine, kwa ugonjwa uleule: taa nyekundu inawaka, umeme unavuja ndani ya betri, gari halisogei hata hatua. Betri mpya inakaribia bei ya gari lenyewe, kwa hiyo Fjordvern, kampuni ya bima iliyomtuma Torgunn, ilikuwa imeshika kichwa. Na katika kila betri iliyokaguliwa kwa nje kulikutwa kitu kimoja ambacho kiwanda hakikukiweka. Kilikuwa kipumulio kidogo cheusi, kikubwa kama kifungo cha koti, kipuri cha kuagizwa mtandaoni, na aliyekifunga ni fundi mmoja tu, Steinulf Reksund.

Gereji ya Steinulf iko chini ya kilima cha Skarvelia, jirani na ghala la samaki wakavu. Ni jitu la mtu, mwenye ndevu za rangi ya kutu, asiyepoteza maneno. Tangu Krismasi hakuna mkazi wa Skarvelia aliyempelekea hata tairi la kujaza upepo. Wale waliokuwa wakimwita kwa jina lake la utotoni sasa walimpita dukani kama mtu asiyekuwepo.

"Ulivibadilisha lini vipumulio?" Torgunn alimuuliza.

"Oktoba. Watu walipoleta magari kufungwa matairi ya baridi."

"Wote walikuomba uwabadilishie?"

"Hakuna aliyeomba."

"Uliwatoza?"

"Hapana. Kitu kidogo tu kile."

"Steinulf, mimi nilikuwa polisi miaka mingi kabla sijaingia kwenye bima. Sijawahi kukutana na fundi anayegawa vipuri bure kama peremende."

"Basi leo umekutana naye."

"Vile vya zamani vilikuwa na kasoro gani?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Vilichakaa."

"Vyote? Magari mengine hayajafikisha hata miaka miwili."

"Nimesema vilichakaa."

"Viko wapi?"

"Nilivitupa."

Torgunn hakuhitaji kuwa mpelelezi kujua kwamba mtu huyu anaficha kitu. Hajui kudanganya, na hilo ndilo lililomsumbua, maana wezi wa bima aliowazoea hudanganya kwa ufasaha na tabasamu juu.

Simu yake ikalia. Ni Halvard, bosi wake wa kitengo cha madai.

"Enhe, mama, tumefika wapi?"

"Nataka kufungua betri moja kwanza."

"Ya nini tena? Sikiliza. Pale Skarvelia kuna gari la kumi na mbili, la mwanamke anaitwa Magnhild Tverrfjell. Aina ileile, linalala uwanja uleule, lilifungwa matairi kwa fundi yuleyule wiki ileile. Lakini lina kipumulio cha kiwandani, na ni zima kabisa, linakimbia kama mbuzi. Sasa unataka ushahidi gani? Penye kipuri cha huyo bwana pana maiti, pasipo na kipuri chake pana uhai."

"Nimelisikia hilo gari."

"Basi niletee ripoti kesho saa sita mchana. Vipuri feki, hatulipi, fundi tunampeleka polisi. Na mwambie mwenyekiti wao kwamba ada za bima za jengo zima zitapanda, hilo halina mjadala."

Kwa maneno hayo machache gereji ya Steinulf ilikuwa imeshafungwa, na kilichobaki ni sahihi ya Torgunn chini ya karatasi.

Hata hivyo utaratibu ni utaratibu. Betri ya kufunguliwa ilikuwa ya Ansgar Lillebø, mwenyekiti wa ushirika, mhandisi mstaafu wa meli, ambaye ndiye aliyeongoza malalamiko dhidi ya Steinulf. Muuzaji rasmi wa magari mjini alikuwa na foleni ya matengenezo mpaka Pasaka, kwa hiyo ilibidi kazi ifanyike palepale gerejini, penye lifti na winchi. Torgunn alichora mstari wa chaki sakafuni na kumwambia Steinulf asiuvuke. Akavaa glovu nene za mpira, akapima mara mbili kuhakikisha umeme umekatwa, akaanza kulegeza nati mwenyewe.

Kifuniko kilipoinuka, alisimama kwanza kutazama, kama afanyavyo kila mara. Alikuwa ameshaona betri nyingi, lakini hajawahi kulizoea lile tumbo la gari likiwa wazi: safu kwa safu za vyumba vilivyopangwa kwa usafi wa kanisani, kimya, bila mshipa unaocheza, na katika kimya hicho umo uwezo wa kuivusha familia nzima juu ya milima hadi Uswidi. Alijiona mdogo mbele yake. Hakuona haya kusema hivyo.

"Kitu cha ajabu hiki," alisema.

"Mimi kila nikiifungua najihisi nimeingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi," Steinulf alijibu kutoka nyuma ya chaki. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu asubuhi.

Ugonjwa ulikuwa kwenye pembe ya nyuma. Chumvi ilikuwa imechanua pale. Ilitambaa juu ya vishikizo vya shaba ikiwa nyeupe, kisha kijani, kisha buluu, ikapanda, ikajikunja, ikatoa vishina vyembamba kuliko unywele. Torgunn alipiga magoti kuitazama. Ilikuwa nzuri mno, na pamoja na uzuri huo ndiyo iliyoiua betri nzima.

Sasa kipumulio chenyewe. Kazi yake si ngumu kuieleza. Betri ikipata joto hewa ya ndani hutanuka na kutaka kutoka, ikipoa hutaka kurudi. Ndani ya kipumulio kuna utando mwembamba unaopitisha hewa na kuzuia maji. Utando ukitoboka, kila ukungu wa pwani huingia ndani.

Torgunn alikifungua kile kipuri cha mtandaoni, akaomba bakuli na pampu ya mkono. Akakizamisha, akasukuma hewa kutoka upande wa ndani, na viputo vikapanda vidogovidogo kama vya soda. Vizuri. Akakigeuza, akaweka karatasi ya kukaushia chini yake, akamwaga maji upande wa nje na kuyasukuma kwa pampu mpaka mkono ukamuuma. Akaichukua karatasi, akaigusa, akaiweka shavuni. Kavu.

Akarudia na kimoja cha gari jingine, kilichokuwa kwenye mfuko wa ushahidi. Kavu.

"Vipuri vyako si feki," alisema taratibu.

"Najua."

"Basi maji yaliingilia wapi?"

Steinulf aliokota spana.

Torgunn alichukua tochi na kuchungulia tena pale kipumulio kilipokuwa. Ukuta wa ndani, ule unaolikabili tundu, ulikuwa na doa lililotandazika kama mkia wa tausi, na kwenye doa hilo zilikuwa zimenata chembe za kijivu. Akazikwangua kwa ncha ya kisu, akazisugua kati ya vidole. Mchanga. Mchanga uleule wanaomwaga barabarani wakati wa barafu ili watu wasivunjike viuno.

Akakaa chini sakafuni, glovu mikononi, akatafakari.

Utando usiopitisha tone la maji hauwezi kupitisha mchanga. Kwa hiyo mchanga uliingia kabla ya Oktoba, wakati tundu hili lilikuwa na kipumulio kingine, cha kiwandani, na hicho kilikuwa kimepasuka. Tena haukuingia kwa kuchuruzika. Maji yanayovuja hushuka chini, hayaruki hewani kuupiga ukuta wa pili. Haya yaliingia yakiwa yamekasirika.

"Vile vya zamani havikuchakaa," alisema bila kugeuka. "Vilitobolewa. Uliviona Oktoba vimetobolewa vyote, ukaweka vipya, hukumwambia mtu. Lakini chumvi ilikuwa imeshaingia, ukaifungia ndani bila kujua."

Alipogeuka, Steinulf alikuwa amempa mgongo. Alikuwa akifuta spana iliyokuwa safi tayari.

"Nani aliyevitoboa?"

"Mimi fundi, mama. Upelelezi ni wako."

"Kesho saa sita wanakupeleka polisi! Unajua?"

"Najua."

Torgunn alitamani kumzaba kofi. Badala yake alivaa koti na kupanda kilima, kwenda kuliona gari lililobaki hai.

* * *

Magnhild Tverrfjell anaishi ghorofa ya chini, anafanya kazi maktaba ya mji, na huongea haraka kama mtu anayefukuzwa. Torgunn alivua viatu mlangoni, akapewa kahawa na kipande cha mkate chenye jibini ya kahawia, akaulizwa habari za barabara kabla hajauliza lolote yeye.

"Gari lako halijawahi kuguswa na Steinulf?"

"Matairi tu. Alilikagua chini, akasema langu halina shida. Sasa ningejuaje kwamba nimebahatika? Maskini majirani zangu! Wengine wanalipia mkopo wa gari mfu."

"Hukulifanyia kitu chochote tofauti na wao? Kuliegesha pengine, kulipitisha njia nyingine?"

"Aa, hapana. Sisi hapa tunafanya kila kitu pamoja."

"Mwaka jana majira ya kuchipua mlikuwa na msaragambo wa usafi, si ndiyo?" Torgunn aliuliza hivyo kwa sababu alikuwa anafuata maji, na hajui ushirika wowote wa nyumba katika nchi hii ambao watu wake hawatoki nje pamoja mwezi wa Mei, na mabomba ya maji na mifagio.

Kikombe cha Magnhild kiligonga kisahani. "Ndiyo."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo bwana! Kila mwaka nipo. Tulifagia mchanga, tukapaka rangi vile viti vya nje, kisha tukala keki za Borghild, kama kawaida."

"Keki za Borghild."

"Za kubanwa kwenye chuma cha moto, na jamu ya..." Magnhild alinyamaza ghafla. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi masikioni.

Jumanne Torgunn alikuwa amekaa sebuleni kwa Ansgar Lillebø, akaona picha ya mke wake yenye mshumaa mbele yake. Borghild Lillebø alikuwa amekufa mwaka mzima kabla ya msaragambo ule.

"Magnhild," alisema, na sauti yake ya kipolisi ikamtoka yenyewe. "Magari kumi na moja yametobolewa. La kwako peke yake limesalimika. Na sasa hivi umenidanganya ulikuwa wapi. Ukiwa mimi ungefikiri nini?"

Mwanamke alifunika uso. Torgunn alingoja akiri, na alikuwa tayari kwa lolote: wivu, kisasi, ugomvi wa maegesho.

"Nilikuwa kibandani kwangu mlimani," Magnhild alisema kwa sauti ndogo. "Nimelala."

"Umelala?"

"Niliwaambia mama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Kulikuwa na jua siku ile, theluji ya mwisho bado iko milimani, nikasema mwaka huu siwezi, siwezi kufagia mchanga na Ansgar anasimamia kama yuko kwenye meli. Nikatoroka na gari alfajiri."

"Ndiyo hilo tu?"

"Hilo tu? Wewe hukai hapa! Ukijulikana umetoroka msaragambo, umekwisha, hata watoto wanajua. Torgunn, nakusihi. Niandike mwizi ukitaka. Niandike nimetoboa betri za watu kwa bisibisi. Lakini usiniandike mtoro wa msaragambo."

Torgunn alimeza kicheko pamoja na kahawa. Alikuwa mtu wa nchi hii, alimwelewa vizuri kupita kiasi.

"Uliporudi ulikuta nini?"

"Uwanja unang'aa. Na magari! Ansgar alikuwa ameyaosha ya watu wote. Siyo juu tu, mpaka tumboni, kutoa chumvi ya barabarani. Langu tu lilikuwa chafu, linanisuta mbele ya madirisha yote. Nikaliosha gizagiza kwa ndoo na sifongo, ili ionekane na langu lilikuwepo."

"Aliyaosha na nini, huyo Ansgar?"

"Ile mashine yake ya kurusha maji kwa presha, aliyotoka nayo bandarini."

Torgunn aliweka kikombe chini. Kila kitu kilikuwa mbele yake sasa, wazi kama ile betri. Alikuwa amelitazama gari la Magnhild vibaya, yeye na Halvard wote wawili. Halikupona kwa kukosa kipuri cha Steinulf. Lilikosa kipuri cha Steinulf kwa sababu lilikuwa zima, na lilikuwa zima kwa sababu mwenyewe alitoroka kazi ya pamoja. Magari ya watu wema yalikufa, la mvivu likaishi.

"Utaandika?" Magnhild aliuliza.

"Nitaandika gari halikuwepo. Lilikwenda mlimani. Magari huenda mlimani."

* * *

Ansgar Lillebø alimfungulia mlango kabla hajabisha. Ni mzee mrefu, amenyooka, miaka sabini na sita, sweta limepigwa pasi.

"Mmemkamata?" aliuliza.

"Bado."

"Bado! Mtu ameua magari ya kilima kizima kwa vidubwasha vyake vya mtandaoni, na bado anapiga redio pale chini. Nimewaambia watu wote, hata nati ya baiskeli msimpelekee. Keti, keti. Kahawa iko moto."

Mshumaa ulikuwa unawaka mbele ya picha ya Borghild. Torgunn alikaa, na kwa mara ya kwanza tangu aje Kristiansund hakutaka kuuliza swali alilokuja nalo.

"Ansgar, nieleze ule msaragambo wa mwaka jana. Nasikia uliosha magari."

Uso wa mzee ulichanua. "Wamekusimulia? Eh, siku ile! Unajua hawa vijana wanaosha gari juu tu, libaki linameremeta kwa jirani, na huku chini chumvi inakula chuma. Miaka arobaini nimepigana na chumvi baharini. Nikawaambia, leteni yote, leo mtaona jinsi meli inavyooshwa."

"Ulifanyaje?"

"Ngoja nikuonyeshe."

Na Ansgar Lillebø, mwenyekiti wa ushirika, akalala chali juu ya zulia la sebuleni, mikono juu, ameshika bomba lisiloonekana.

"Nilikuwa na ubao wenye magurudumu, hivi, naingia chini kabisa. Mmoja ananishikia taa, mwingine anavuta mpira wa maji. Mdomo wa bomba unausogeza karibu, siyo mbali, mbali unapoteza nguvu. Karibu hivi." Akaonyesha upana wa kidole. "Unaanza mbele, unakwenda nyuma. Kila ungio. Kila pembe. Popote chumvi inapoweza kujificha. Unaingiza presha yote kwenye kila tun..."

Mkono ulisimama hewani.

Mzee yule alikuwa amekaa na pampu maisha yake yote, anajua presha ni nini na utando ni nini, na jibu lilikuwa linamfikia pale alipolala, bila mtu kumsukuma. Torgunn alimwona akihesabu. Akamwona akikataa, akihesabu upya. Katika kazi yake ameshashuhudia watu wengi wakikiri, wengi wao wakitafuta mlango wa kutokea. Hajawahi kumwona mtu akiutazama ukweli unamjia na asipeleke macho pembeni hata kidogo, na alimwogopa na kumheshimu kwa wakati mmoja.

"Kila tundu," Ansgar alisema akitazama dari. "Betri ile ina kipumulio nyuma, kushoto."

"Ndiyo."

"Nilikipiga."

"Ndiyo."

"Vyote?"

"Vya magari yote uliyoosha. Mchanga uko ndani. Steinulf aliviona vimepasuka Oktoba, akaweka vyake ili kuziba. Vyake ni vizima, nimevipima mwenyewe."

Mzee alijiinua polepole, akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. "Kwa hiyo alijua."

"Tangu Oktoba."

"Na mimi nimezunguka mlango kwa mlango nikiwaambia watu..." Hakumaliza. Akapangusa mdomo. "Wenye magari watalipwa?"

"Watalipwa. Ni ajali, na hawakuwa na kosa. Fundi anasafishwa kabisa. Ila lazima niandike maji yaliingiaje, na kampuni ikilipa fedha nyingi namna hiyo inaweza kukugeukia wewe. Sikufichi."

"Inigeukie. Andika jina langu. Lillebø, kwa herufi kubwa, wasije wakamtafuta mwingine."

Alisimama, akatoka mlangoni kama alivyo, na ndara za sufu za ndani, bila koti. Torgunn alimkimbilia na koti mkononi akimwita, lakini mzee alikuwa ameshaanza kuteremka kilima, akiteleza kwenye barafu, akijishika kwenye uzio, anateremka tu. Watu walimwona kutoka madirishani. Wawili watatu wakatoka nje kuuliza kuna nini, na yeye akawajibu bila kupunguza mwendo:

"Siyo Steinulf! Ni mimi niliyeua magari yenu. Siyo Steinulf!"

Walisimama palepale kwenye theluji, midomo wazi, wakamtazama mwenyekiti wao akipita.

Gerejini, Steinulf alikuwa anapanga spana zake kwenye makasha. Ukuta wa vifaa ulikuwa umebaki na misumari mitupu. Alipomwona Ansgar amesimama mlangoni na ndara zilizolowa, akamtazama Torgunn nyuma yake, akaelewa, akaweka kasha chini.

"Nilisema upelelezi ni wako," alimwambia Torgunn kwa uchungu. "Sikukuomba umwambie."

"Hakuniambia," Ansgar alisema. "Nimejiona mwenyewe."

Akaingia hadi mbele ya fundi.

"Ulijua ni mimi. Nimekuchafua mji mzima. Ulikuwa unafunga gereji, wewe mwanaharamu, unafunga gereji ya baba yako, na neno moja tu lingekuokoa. Kwa nini hukusema?"

Steinulf alifikicha ndevu zake kwa mkono wenye grisi. Alisema akitazama sakafu.

"Nilipanda kuja kuwasaidia, na mimi ndiye niliyekushikia taa siku ile, Ansgar. Ulikuwa chini ya gari, umelowa, unatutukana sote kwa uvivu wetu, ukaanza kucheka. Tangu Borghild afe hakuna mtu hapa kilimani aliyekuwa amesikia ukicheka. Watu waliacha mifagio wakaja kusikiliza." Akafuta mkono kwenye suruali. "Sasa mimi nije nikwambie ni siku hiyo ndiyo uliyoharibu kila kitu?"

Torgunn aligeukia ukuta, maana machozi yalikuwa yamemlenga. Aliposikia kishindo akageuka tena. Ansgar alikuwa ameketi juu ya tairi, uso mikononi, mabega yanatikisika, na Steinulf alikuwa amevuka ule mstari wa chaki, amepiga magoti mbele yake, anamvua ndara zilizolowa, akimfuta miguu kwa tambara safi.